Bwana Josho na Chungu cha Majivu

Ukimkaribisha maji ya kunywa, hakuyapokea kwanza. Aliuliza yametoka wapi. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyoulizia wagonjwa wa nyumbani. Ya bomba au ya mfereji? Ukisema ya mfereji, aliuliza mfereji upi, na juu ya mfereji huo anakaa nani, na huyo anayekaa juu anafuga nini. Ukimaliza kujibu, kiu yako mwenyewe ilikuwa imekwisha. Ndipo alipokipokea kikombe, akakiinua usawa wa dirisha, akakitazama, akapiga funda moja na kusema, "Haya." Mpaka leo sijui kama "haya" hiyo ilikuwa ya kuyasifu maji au ya kujisalimisha kwayo.

Tulimwita Bwana Josho. Alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo, yote mawili mazuri, lakini katika mji wa Same, miaka ile ya vijiji vipya, ukimuulizia kwa majina hayo ungezungushwa mpaka stesheni na kurudishwa. Ukimuulizia Bwana Josho, ungepelekwa mlangoni. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutunza majosho, yale mahandaki ya saruji yanayojazwa maji yenye dawa ili ng'ombe waogelee humo na kupe wafe. Alizunguka kutoka josho hadi josho, tambarare yote ya chini ya milima, akichota dawa kwenye chupa na kuipima. Ikiwa dhaifu, kupe wanapona. Ikiwa kali, ng'ombe wanakufa.

"Kati ya kupe na ng'ombe," alipenda kusema, "pana nafasi nyembamba. Mimi nimekaa humo ujana wangu wote."

Dawa ya majosho ya zamani ilikuwa arseniki. Baadaye zilikuja dawa nyingine zenye majina marefu, naye alizipima pia, lakini kwa adabu tu, kama mtu anavyomsalimu mke wa pili wa rafiki yake. Arseniki ndiyo aliyoijua. Hakuwahi kuiita sumu. Aliiita dawa, hata alipokuwa akituonya kwamba ingeweza kutuua sote.

Mimi nilimkuta akiwa amehamishiwa ofisini kwetu, kwenye shughuli za maji, kwa cheo cha msaidizi wa maabara. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama reli. Palikuwa na rafu, sinki, na bomba ambalo ukilifungua lilitoa upepo, jambo ambalo hakuna aliyelistaajabia, kwa kuwa Same kila kitu hutoa upepo. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu mwaka huo huo. Nilikuja na shahada, na miwani niliyokuwa siihitaji sana, na mashine ya kutikisia chupa iliyotumia umeme. Umeme ulikuwepo siku nilipoifungua kwenye sanduku. Siku iliyofuata ulikatika, na kwa majuma yaliyofuata mashine ya kutikisia chupa ilikuwa mkono wangu wa kulia, na wa kushoto ukipokea zamu.

Nilichokuwa nikitikisa ni udongo. Chini kidogo ya mji, tambarare, kilikuwa kimeanzishwa kijiji kipya cha ujamaa. Baadhi ya watu walitoka katika makambi ya zamani ya mkonge. Wengine waliteremshwa kutoka milimani, wameacha migomba na baridi yao na kuletwa kwenye jua na miiba. Ardhi ilikuwa tele. Maji hayakuwepo. Mfereji wa karibu ulikuwa mwendo wa saa nzima. Kwa hiyo kikapangwa kisima, na mahali palipoonekana pana maji ya karibu palikuwa hatua kama thelathini chini ya josho la zamani lililokwisha kufungwa. Nikaombwa nipime: je, kuna kitu katika udongo wa josho lile ambacho kinaweza kutoka na kuingia kisimani?

Nilikuwa na kitabu kinachoeleza namna ya kulijibu swali hilo. Unachukua udongo, unautia kwenye chupa pamoja na maji safi kabisa, unatikisa kwa muda uliowekwa, unachuja, unapima maji yaliyotoka. Maji safi kabisa niliyapata gereji, yale yanayotiwa kwenye betri za magari. Bwana Josho aliingia akanikuta natikisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unafanya nini, Bwana Maji?"

"Naigiza mvua."

Akautazama mkono wangu kwa muda. "Mvua ya kwenu hutikisa?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema. Kilichomo kwenye udongo kikiweza kutoka, kitatoka."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja."

"Aliyekiandika alikuwa na safari," akasema. "Na hayo maji ya betri, mvua yake hunyesha nchi gani?"

Nilicheka kwa heshima, kama msomi anavyocheka na mzee anayemwonea huruma. Nikachuja, nikampa maji apime, kwa sababu katika kupima arseniki hapakuwa na mwenzake wilaya nzima. Alipimia nje, mgongo wake ukielekea upepo, kwa zinki aliyoibandua kwenye betri kuukuu za redio na asidi aliyoipata anakojua mwenyewe. Juu ya mdomo wa chupa aliweka kipande cha karatasi iliyotiwa dawa. Ikibaki nyeupe, hakuna kitu. Ikigeuka manjano, kipo. Ikifika rangi ya chai, kipo kingi. Na siku zote aliweka chupa ya pili pembeni, yenye maji ambayo hayakugusa udongo wowote, akaifanyia vile vile. Aliiita chupa ya shahidi. Kama karatasi ya shahidi nayo ikipata rangi, ujue kosa liko kwenye zinki au kwenye mikono yako, wala usimsingizie mtu wa kijijini.

Karatasi yangu ilitoka nyeupe. Nikaandika kwamba udongo hauna madhara kwa kisima kilichopendekezwa, nikatia sahihi yangu, ambayo siku hizo ilikuwa na mikia mitatu.

"Hii ni nyeupe ya saa moja," alisema Bwana Josho alipokuwa akiosha chupa. Hakuwa mtu wa kugombana na karatasi iliyokwisha kupigwa muhuri.

Saa yake ya kupimia muda ilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Alikuwa Mlutheri wa milimani, wa wale ambao huimba polepole kana kwamba kila ubeti una mwinuko wa kupanda. Alipokuwa akimimina maji juu ya udongo, alimimina kikombe, akaimba beti mbili, akamimina tena. Sauti yake haikuwa nzuri. Treni ya mizigo ilipopita tulishukuru. Nilimletea saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, akaivaa Jumapili.

Alikuwa na ukaidi mwingine usioendana na kazi yake. Mtu huyu aliyetufukuza mlangoni tusiingie na mikono michafu alilowesha kidole kwa ulimi kila alipofunua ukurasa wa daftari lake la vipimo. Nilimkemea mara moja.

"Mzee, kidole hicho kimetoka kwenye chupa."

Akakitazama, kisha akakilamba tena, akafunua ukurasa. "Kwangu mimi imeshachelewa," akasema. "Wewe ndiye ujilinde. Wewe bado hujaoa."

Koti lake la kazi lilikuwa na mabaka ya josho ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote. Alikataa kulivua hata wageni walipokuja. Alisema wageni wakimwona msafi watadhani hana kazi. Alikuwa mpole kwa ng'ombe na mkali kwa makarani. Aliogopa mapikipiki. Alipenda tangawizi iliyoletwa kutoka Mamba, huko milimani, akaitafuna mbichi, na kila mtu aliyesimama karibu naye kwenye mkutano alijikuta akitokwa machozi, jambo lililofanya hotuba zake fupi zionekane kuwa na uzito kuliko zilivyokuwa.

Kuhusu ujamaa sikupata kumwelewa. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare waliijua kabla sisi wasomi hatujaiandikia makala. Jembe lake lilikuwa kali, na hakuacha kuchimba mpaka wa mwisho aache. Lakini ukimwambia kwamba hiyo ndiyo siasa yenyewe, alijibu, "Hapana. Huku ni kuchimba mfereji." Alitii karibu kila kitu. Utii huo ndio uliokuja kumsumbua, kama nilivyosikia kutoka kwake mwenyewe, baadaye kidogo.

Dada yake mdogo alikuwa miongoni mwa walioteremshwa kutoka milimani. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi. Kijijini palipo na jua kali alijenga nyumba ya miti na udongo, akapanda mbaazi, na kitu cha kwanza alichokisimika jikoni kilikuwa chungu chake cha majivu. Kwa asiyejua: ni chungu kikuukuu kilichotobolewa matundu chini. Unakijaza majivu, unamimina maji juu polepole, na chini yanadondoka maji ya rangi ya kahawia yanayouma ulimi. Hayo ndiyo magadi ya nyumbani. Unayatia kwenye makande, na maharage magumu yanalainika. Bila hayo, kuni za juma zinaishia kwenye sufuria moja.

Sasa, uongozi wa kijiji ulikuwa na bidii. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mwema, aliyependa mambo yaonekane. Palipotangazwa mashindano ya usafi wa vijiji, aliamua kwamba hata majivu yasitupwe ovyo nyuma ya nyumba. Kila jiko lipeleke majivu yake mahali pamoja, anayehitaji magadi achote hapo. Palichimbwa choo kwa kila nyumba, na kwa majivu likatafutwa shimo. Shimo lilikuwepo tayari, hapo kwenye josho la zamani, bonde dogo la mviringo ambalo hakuna aliyejua limetokana na nini. Kwa miezi kadhaa kila asubuhi wanawake wa kijiji kizima walimwaga humo majivu ya moto wa jana. Sidhani kama mahali pengine popote duniani watu wangepata wazo la kufanya majivu kuwa mali ya umma. Mimi mwenyewe nililisifu katika taarifa.

Bwana Josho alikwenda kumsalimia dada yake Jumamosi moja, akapita hapo. Kisima kilikuwa kimekwisha kuchimbwa kwa msaragambo na kujengewa ukingo. Kilisubiri wageni wa kukizindua. Aliporudi mjini hakuja ofisini siku mbili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Siku ya tatu nilimfuata kwake. Nilimkuta ameketi uani, mbele yake pana chungu chenye matundu kimepachikwa juu ya mafiga matatu, chini yake kikombe cha bati. Maji yalikuwa yakidondoka. Alikuwa akiimba.

"Chungu cha nani hicho?"

"Cha dada yangu. Amenipa pamoja na laana."

"Na ndani?"

"Chini tope la josho. Juu majivu. Kama lilivyo shimo." Akamimina kikombe. "Na maji ya huku huku tambarare, yenye chumvi yake. Si ya betri."

Nilikaa naye. Tone moja, kisha muda, kisha tone jingine. Nilikuwa na umri ambao mtu akikaa bila kufanya kitu robo saa anahisi anaibiwa. Nikamuuliza amejuaje kwamba shimo lile lina tope la josho, kwa maana udongo wangu nilikuwa nimeuchota ukingoni mwa josho, si shimoni. Shimo sikuliona kuwa na maana yoyote.

Hakujibu mpaka beti zake mbili zilipokwisha.

"Mimi ndiye niliyelimwaga," akasema. "Kila mwaka tope la chini ya josho hutolewa, josho lijazwe upya. Bwana mkubwa wa wakati ule aliniambia, mwaga pale. Nikamwaga pale. Ndoo kwa ndoo. Nilikuwa kijana, nilikuwa na nguvu sana." Akakitazama kikombe cha bati. "Halikuwa na ubaya. Tope lile linaishika dawa, haliiachii kwa mvua tu. Ungelimwagia maji ya betri mpaka Yesu arudi ungepata nyeupe yako. Lakini maji ya majivu, Bwana Maji, unajua yanavyofanya kwa maharage."

Nilijua. Ningeweza hata kuandika mlinganyo wake wa kikemia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mlinganyo huo una jiko.

Chungu kilidondosha siku tisa. Siku ya tisa alipima yaliyokusanyika. Karatasi ya shahidi ilitoka nyeupe kama ilivyoingia. Karatasi ya pili ilitoka rangi ya chai isiyo na maziwa. Aliniwekea mezani zote mbili, juu ya nakala ya taarifa yangu.

"Kisima kinazinduliwa Alhamisi," nikasema.

"Najua. Dada yangu yumo kwenye kwaya."

"Tukipime kisima chenyewe."

"Nimekwisha kukipima. Ni cheupe."

"Basi?"

"Bado hayajafika," akasema. "Majivu ni ya miezi tu. Hatua thelathini, udongo ule, mvua zetu hizi za kubembeleza. Yako njiani."

"Yatafika lini?"

"Hilo sijui. Sijawahi kutembea chini ya ardhi."

Nilitumia jioni nzima kutafuta njia ya heshima ya kutofanya lolote. Nilifikiria kuandika barua ya kuomba utafiti zaidi, jambo ambalo wasomi hulifanya wanapotaka kulala. Asubuhi nikamkuta Bwana Josho mlangoni mwa ofisi, amevaa koti la mabaka, chungu kipo kifuani kama mtoto mchanga. Tukaenda.

Mkutano ulifanyika katika ghala la kijiji, ambalo lilikuwa jipya na lilikuwa halijawahi kuwekwa kitu. Mwenyekiti alitusikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa maneno marefu, na nilipomaliza hapakuwa na aliyejua kama ninakataza kisima au ninakisifu.

"Ndugu Mtaalamu," akasema Mwenyekiti, "karatasi hii si yako?"

"Ni yangu."

"Sahihi hii yenye mikia?"

"Yangu."

"Inasema ni salama. Sasa unasema si salama. Ulikuwa mwongo wakati ule au leo?"

"Wakati ule nilikuwa na haraka."

Watu wakacheka, na nilistahili.

"Maji ya kisima yamepimwa?"

"Yamepimwa," akasema Bwana Josho. "Leo ni mazuri."

"Umesikia, wananchi. Ni mazuri. Amesema mwenyewe." Mwenyekiti alikuwa amechoka, sasa naliona hilo, alikuwa na barua ya wageni mfukoni na watu wanaotembea saa nzima kutafuta maji. "Mzee wangu, tukifukie kisima kizuri kwa sababu ya chungu?"

Bwana Josho alikuwa na jibu, lakini tangawizi ilimkaba, au pengine lilikuwa jambo jingine. Akakohoa. Dada yake ndiye aliyesimama. Alikuja mbele, akakichukua chungu mikononi mwa kaka yake bila kumtazama, akakigeuza tuone matundu.

"Hiki ni changu," akasema. "Kila mama hapa anacho. Ukimimina maji matamu juu, chini yanatoka matamu?"

Wanawake wakaguna kwamba hapana.

"Yanatoka yanauma. Yamepita kwenye majivu yakachukua kilichomo. Je, tone la kwanza linatoka saa ile ile umemimina?"

Hapana. Unangoja. Unaweza kwenda shamba ukarudi.

"Basi tumejaza chungu kikubwa pale juu, sisi wenyewe, kwa mikono yetu, na chini tumeweka kikombe." Akamgeukia Mwenyekiti. "Kikombe chenyewe ndicho hicho unachotaka kukizindua Alhamisi. Mimi sina shahada. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema magadi hayatatoka kwa sababu hayajatoka bado."

Akakirudisha chungu kwa kaka yake, akaenda kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikunja barua yake mara nne. Majivu yaliondolewa kwa msaragambo na kupelekwa mbali. Tope lilikuwa limekwisha kuingia chini, halikuondoleka lote. Kisima kilifunikwa kwa mfuniko wa zege mzito kiasi kwamba ulihitaji watu wanne. Bwana Josho aliahidi mbele ya watu kwamba atakipima kila kiangazi, na siku karatasi ikitoka nyeupe atakuja mwenyewe kukifunua.

Haikuwa hadithi ya ushujaa, ingawa nimewahi kuisimulia hivyo mbele ya wanafunzi. Kiangazi cha kwanza karatasi ilikuwa nyeupe, na kijiji kizima kikamtaka afungue; akasema wangoje mwaka mmoja, kwa kuwa hakuiamini nyeupe ile. Alitukanwa. Waliomheshimu walimwita mzee wa kuchelewesha. Wengine walimwita mchawi wa kisima, na kulikuwa na akina mama waliovuka njia walipoliona koti lake. Kiangazi cha pili karatasi ilitoka manjano. Cha tatu, rangi ya chai. Lakini kufikia hapo watu walikuwa wamezoea kutembea hadi mfereji, na hakuna mtu anayekushukuru kwa ugonjwa ambao hakuugua. Hakudai kushukuriwa. Alikata kipande cha karatasi ya rangi ya chai, akakigundisha kwenye daftari lake, akaandika mwaka.

Dada yake alitembea pamoja na wengine. Ndiye aliyekifunga kisima kwa maneno yake, na ndiye aliyebeba ndoo kwa maneno hayo. Kwa muda mrefu hakumsemesha kaka yake isipokuwa kwa mambo ya lazima, kama misiba.

Mimi nilihamia chuoni kufundisha. Miaka mingi baadaye niliona katika kitabu kipya mchoro wa bomba la kioo lililojazwa udongo, maji yanashuka polepole kutoka juu, matone yanakusanywa chini kwa siku nyingi. Kilisifiwa kuwa kipimo kinachokaribia hali halisi. Nilikifundisha. Kila mwaka nilimtumia Bwana Josho karatasi mpya za kupimia, kwenye bahasha, kwa kumkabidhi kondakta wa basi. Naziita mchango wangu kwa sayansi. Hakuna mwingine mkubwa zaidi wa kutaja.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kiangazi. Nilikuwa na safari ya Moshi, nikateremka Same kwa kujilazimisha, kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Alikuwa amestaafu zamani na kuhamia kwa dada yake kijijini. Ghala bado lilikuwepo. Halikuwa jipya tena na bado halikuwa na kitu.

Dada alinipokea mlangoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe.

"Umenenepa, Bwana Maji."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Amekusikia, yuko nyuma. Macho yamekwenda, ukungu mtupu. Anapima kwa kupapasa." Akanishika mkono kabla sijapita, akashusha sauti. "Atakuambia umsomee karatasi. Mimi hanitumi. Anasema mbeba ndoo hawezi kuwa hakimu."

"Nani alimsomea mwaka jana?"

"Mwalimu wa shule. Akamwambia manjano kidogo." Alilitamka neno la mwisho kama kitu alichokikuta kwenye chakula. "Kaka amekaa na hiyo kidogo mwaka mzima. Akiamka, kidogo. Akilala, mwakani tutafunua. Mpaka nami nikaanza kufagia pale kisimani, mtu mzima na akili zangu. Ikiwa nyeupe, sema nyeupe. Ikiwa manjano, sema manjano. Usiniletee kidogo. Magoti yangu hayawezi kuibeba."

Uani alikuwa amekwisha kupanga kila kitu. Chupa ya kisima, chupa ya shahidi, karatasi juu. Uso wake aliuelekeza niliposimama, kiasi cha shibiri moja pembeni.

"Umekuja na basi la saa ngapi?"

"La asubuhi, Mzee."

"Basi umekwisha kupumzika. Nisomee. Anza na shahidi."

Nikaiinua karatasi ya shahidi kwenye mwanga. "Nyeupe."

"Vizuri. Ya pili."

Niliishika muda mrefu. Ilikuwa na rangi, hilo halikuwa na shaka, lakini rangi yenyewe ilikuwa ya shati jeupe lililofuliwa miaka mingi kwa maji ya mfereji. Nikaomba daftari nilinganishe na ya mwaka uliopita. Vipande vyote vilikuwa humo, mwaka chini ya mwaka, na jua lilikuwa limevila vyote vikawa rangi moja. Dada alikuwa amesimama mlangoni akipangusa mikono ambayo haikuwa na maji.

"Manjano, Mzee."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutokunywa."

"Sikukuuliza kama yananyweka. Nimekuuliza kiasi gani."

"Hicho ndicho kiasi, Mzee. Hayanyweki."

Nilidhani angenibana, kama alivyokuwa akinibana ofisini, na kama angenibana mara ya tatu ningemwambia yote. Hakunibana. Dada yake alikunja kitambaa kuwa ngata, akaiweka kichwani, akachukua ndoo nyuma ya mlango.

"Basi niwahi," akasema, "kabla ng'ombe hawajayatibua."

Bwana Josho aligeuza uso akafuata sauti ya ndala zake mpaka ilipopotea upande wa mfereji.

"Zamani alikuwa akitumia saa mbili, kwenda na kurudi," akasema. "Sasa ni zaidi." Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akapapasa katikati ya zile chupa, taratibu asiziangushe, akitafuta kalamu.